Tangi Lililojisemea

Kazi yangu ilikuwa kuangalia maji yamefika wapi. Mara tatu kwa siku nilipanda mlima nyuma ya nyumba zetu, nje kidogo ya mji wa Mbeya, hadi kwenye tangi la saruji lililojengwa juu ya kijiji. Nilifungua mfuniko, nikazamisha ufito niliouchora alama za futi na inchi, nikasoma. Chini kabisa, kando ya mto, kulikuwa na pampu ya dizeli, na aliyeiendesha tulimwita Mzee wa Mashine. Kutoka kule chini hakuweza kuona tangi likijaa. Kwa hiyo likijaa nilisimama juu ya jiwe na kupunga kitambaa chekundu, naye akazima injini.

Nikishuka, wanawake waliokuwa wakichuma pareto kando ya njia walininyooshea shingo.

"Msoma tangi! Leo tunaoga au tunanawa uso tu?"

"Futi sita, inchi tatu na nusu," nilijibu.

"Hiyo nusu ni ya kumwogesha nani?"

Walicheka, nami nilijifanya nimechukia. Ukweli ni kwamba nilipenda sana kuulizwa. Nilikuwa na miaka ishirini, shule niliishia darasa la saba, na hakukuwa na jambo jingine duniani ambalo watu walilazimika kulisikia kwangu kwanza.

Tatizo lilikuwa ukungu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa nane ukungu wa kwetu hukaa mlimani kama mgeni asiyejua kuaga, na kitambaa chekundu ndani yake si kitu. Siku hizo nilikimbia. Nilikimbia kutoka tangini hadi mtoni nikipiga kelele "Zima! Zima!", na mpaka nifike, maji yalikuwa yameshamwagika na kubomoa matuta ya viazi yaliyokuwa chini ya tangi. Dizeli ilikuwa ya mgao, na mwenye viazi alikuwa na mdomo.

Ndipo nikaanza kuchora. Nilikuwa na kitabu cha ufundi wa redio kisicho na jalada, cha Kiingereza, ambacho nilikisoma kwa kamusi neno kwa neno kwa mwaka mzima. Katika daftari langu niliandika ukurasa wa kwanza: "Tangi liseme lenyewe." Kopo linaloelea juu ya maji. Kopo likipanda, vipande viwili vya shaba vinagusana. Umeme unapita kwenye waya hadi kwenye pampu. Kengele inalia. Kila ukurasa niliupa namba na tarehe, maana siwezi kulala nikijua kuna ukurasa usio na tarehe.

Nilichora kwa miezi minane. Sikumwonyesha mtu. Mara mstari umepinda, naanza upya. Mara nimegundua kosa. Kosa kubwa kuliko yote nililigundua mwenyewe, na nililionea fahari: maji yanapoingia tangini kwa nguvu hufanya mawimbi, na mawimbi yatalichezesha kopo juu chini, kwa hiyo kengele itakuwa inalia na kukatika, inalia na kukatika. Dawa yake niliichora ukurasa wa ishirini na tatu, wakati wa masika: kopo liwekwe ndani ya bomba pana la chuma lililosimama wima, lenye matundu chini. Nje maji yacheze yatakavyo, ndani ya bomba yatatulia. Ulikuwa mchoro mzuri. Lakini bomba pana la chuma sikuwa nalo, basi nikasubiri nilipate.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa na sababu. Bwana Maji, mkubwa wa maji aliyetutembelea kwa Land Rover mara mbili kwa mwaka, alikuwa amesema mbele ya mkutano wa kijiji kwamba ana nafasi moja, moja tu, ya kijana kwenda kujifunza ufundi kwenye karakana ya Iringa. "Sitaki cheti," alisema. "Nataka kuona kitu alichotengeneza kwa mikono yake, na kinafanya kazi." Nilihisi ananiangalia mimi. Nilirudi nyumbani nikachora ukurasa mwingine.

Kisha akaja mdogo wangu.

Ni mtoto wa mama mdogo, alikulia Iringa mjini. Mama yangu alikuwa amevunjika mkono, basi akaletwa asaidie kazi za nyumbani. Aliteremka kwenye basi akiwa amejivika begani mzingo mkubwa wa waya wa zamani wa simu, kama mtu aliyetoka kununua ng'ombe na kurudi na kamba tupu. Kwa miaka miwili alikuwa akifagia kwenye duka la fundi redio, na fundi huyo, badala ya kumuaga kwa khanga, alimpa takataka zake: waya, vidude vya simu mbovu, misumari.

Siku ya pili alipanda nami tangini. Ukungu ukatukuta, nikakimbia, naye akakimbia nyuma yangu hadi mtoni. Alipofika alikuwa akihema na kucheka.

"Dada, hivi unakimbia mlima mzima kumwambia mtu kwamba maji yamejaa? Si maji yaseme yenyewe?"

Nilihisi kama ameingiza mkono kwenye sanduku langu la nguo. Ilikuwa sentensi yangu. Nilikuwa nimeifungia miezi minane, na yeye ameiokota njiani kwa siku mbili.

"Ni jambo la kufikiria sana," nilimwambia.

"Haya, wewe fikiria. Mimi natafuta kopo."

Alitengeneza kwa siku nne. Nitasema ukweli: lilikuwa jambo baya kuliangalia. Kopo la maziwa ya unga, bado lina kutu. Nguzo za mkaratusi zisizolingana urefu, moja imeinama kama mlevi. Waya ulikuwa mmoja tu. Wa pili, alisema, ni ardhi yenyewe, akachomeka nondo mbili udongoni, moja juu na moja chini. Umeme mdogo ulipita kwenye waya na kuvuta kidude alichokitoa kwenye simu. Kidude kikafungulia umeme wa betri ya gari. Betri ikavuta stata ya lori bovu, ile mota ya kuwashia injini. Stata ikarusha nyundo. Nyundo ikagonga kipande cha chuma cha reli tulichopewa na wajenzi wa reli mpya, kilichoning'inizwa nje ya kibanda cha pampu ili Mzee wa Mashine asikie hata akiwa bustanini.

Mkewe Mzee wa Mashine alikuja kuona. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuona. Miaka yote hakuna aliyepanda kuja kuona ninavyosoma ufito.

"Basi mwisho wangu umefika," alisema Mzee wa Mashine. "Leo tangi linaniita. Kesho sufuria itaniita shambani: baba, ugali umeiva. Debe litasema: unga umebaki kibaba. Mlango utasema: mkeo ametoka."

"Huo mlango nauvunja kwanza," alijibu mkewe.

Watu walicheka. Mdogo wangu alicheka kuliko wote, akiwa na grisi ya stata kwenye shavu, na hata grisi ile ilimpendeza. Nami nilisimama pembeni nikiangalia kopo lake, na niliona mara moja. Hakuweka bomba. Kopo lilielea wazi, katikati ya mawimbi.

Kabla hatujashuka alinishika mkono.

"Dada, wewe ndiye unayelijua tangi hili. Kuna kitu nimesahau?"

Kila nikikumbuka siku zile, nakumbuka hapo. Upepo ulikuwa umetulia. Alikuwa ameniuliza kwa heshima, kama mdogo anavyomuuliza mkubwa. Nilikuwa na ukurasa wa ishirini na tatu kichwani, kila mstari wake.

"Sijaona kitu," nilisema.

Kesho yake, Alhamisi, pampu iliwashwa asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito. Karibu na adhuhuri nilikuwa nyumbani namkandia mama mkono kwa maji ya moto, nikasikia chuma cha reli kikigonga.

Ngo.

Kikanyamaza.

Ngo. Ngo.

Kikanyamaza tena, kirefu zaidi.

Ngo.

Mama aliinua kichwa. "Nani ametutoka?"

Ni lazima nieleze kwa asiyetoka kwetu. Kanisani kwetu pia kengele ni kipande cha reli. Ikipigwa haraka haraka, ni ibada. Ikipigwa moja moja, kwa kusitasita, katikati ya siku ya kazi, ni msiba, na mwenye jembe hulitupa. Mimi, niliyechora mawimbi na matundu na bomba, nilijua kengele itakatika-katika. Sikuwaza hata siku moja mkatiko huo utasema nini masikioni mwa watu. Kitabu changu cha redio hakikuwa na ukurasa wa msiba.

Nilitoka nje. Kwenye mashamba ya pareto wanawake walikuwa wamesimama wima. Wakaanza kushuka wakijifunga khanga kiunoni. Mmoja alipita nyumbani kwake kwanza akatoka na unga kwenye ungo. Sauti ilitoka kwenye kibanda cha pampu, na kwenye kibanda cha pampu hukaa mtu mmoja tu. Mkewe Mzee wa Mashine alikuwa shambani juu. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anakuja mbio kwenye mteremko ndani ya ukungu, analia kwa Kisafwa, na kwenye utelezi wa mfereji akaanguka, akainuka, akaendelea.

Tulimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda anamenya kiazi.

"Kumbe uko hai!" alipiga kelele mkewe, akampiga kofi la bega.

"Niko hai, mama. Kwani umesikia vingine?"

"Kengele yote hiyo ni ya nani?"

"Ya tangi. Tangi limejaa."

Bibi mmoja mwenye unga kwenye ungo akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa ameshika nyundo ile kwa mikono miwili kuizuia isigonge tena.

"Binti, kwenu Iringa mnazika matangi?"

"Wanazika tangi la pombe ya ulanzi," alisema mwingine. "Likiisha, wanalilia."

Safari hii kicheko hakikuwa kizuri. Balozi hakucheka kabisa. Alisema kitu hicho kiondolewe kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi Bwana Maji anakuja, na yeye hataki kijiji kiitwe cha wendawazimu.

Nilifurahi. Naandika hivi kwa sababu nimeshaandika mengine. Nilifurahi vizuri kabisa, mwili mzima, kama mtu aliyeingia ndani kutoka kwenye baridi. Furaha ile ilidumu mpaka nilipomwona mkewe Mzee akifunua goti. Lilikuwa limechanika, na mchanga wa mfereji ulikuwa ndani. Alikuwa analitazama huku akimwambia mumewe, "Niliona nimebaki peke yangu. Nilishaona."

Jioni mdogo wangu alikaa nyuma ya jiko na vidude vyake kwenye gunia.

"Betri ina nguvu," alijisemea. "Waya ni mzima. Kwa nini inasitasita?"

Hakulijua tangi kama mimi. Alikuwa amelifungua mwenyewe mara tatu tu, na mara zote pampu ilikuwa imezimwa, maji yametulia kama kioo. Nilikuwa nimebaki na siku moja na nusu, na mchoro wenye dawa. Ningeweza kumpelekea na kuwa mwenye kuokoa. Shida ilikuwa tarehe. Ukurasa wa ishirini na tatu ulisema masika. Kudai kwamba niliwaza kwanza ilikuwa sawa na kukiri kwamba nilinyamaza.

Basi nilifungua ukurasa mpya, wa sitini na moja, nikaunakili mchoro wa bomba upya. Nilitumia rula. Haijawahi kutoka mistari mizuri kama ile. Chini nikaandika tarehe ya siku ile.

Nilimpelekea daftari likiwa limefunguliwa ukurasa huo. "Nimewaza kitu," nilisema.

Aliangalia kwa muda mrefu. Uso wake ulifunguka. "Dada! Mawimbi! Ni mawimbi!" Halafu, kwa kuwa ni mtu mwenye njaa ya michoro, hakunirudishia. Alilirudisha nyuma hadi ukurasa wa kwanza akaanza kusoma kwa kidole. Nilinyoosha mkono nichukue, akauondoa kwa kiwiko, akiwa bado anatabasamu. Wa pili. Wa kumi. Wa ishirini. Nilikaa chini.

"Hii ni ya lini?"

"Masika."

"Na ile ya leo?"

"Nimenakili."

Kuku alipita katikati yetu. Akafunga daftari, akalifungua tena palepale.

"Kwa hiyo jana nilipokuuliza..."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimeshajiandalia majibu. Aliendelea kuutazama ukurasa, kisha akasema, "Na una mkono mzuri hivi." Ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Baadaye akauliza, kwa sauti ya fundi sasa, si ya mdogo wangu: "Bomba la chuma pana hivi tutalipata wapi hadi Jumamosi?"

"Ndiyo sababu sikumaliza. Nilikuwa nalitafuta."

"Miezi minane?"

"Lazima liwe pana sawasawa."

"Mwanzi, dada," alisema. "Kwetu kuna vijiji maji yanapita kwenye mianzi kutoka mlimani mpaka jikoni. Mwanzi mnene, unatoboa vifundo kwa nondo ya moto, basi."

Ijumaa tulikata mwanzi mnene kuliko yote bondeni. Yeye alichoma vifundo; mimi nilitoboa matundu ya chini, manane, yaliyolingana, na kila moja nilipima. Hakuniambia neno ambalo halikuhusu kazi. Kopo la maziwa lilikuwa nene mno kwa mwanzi, akatafuta jembamba zaidi, la dawa ya unga. Lilishuka ndani ya mwanzi na kupanda bila kugusa ukuta. Nilitaka kusema ni zuri. Sikuwa na haki.

Jumamosi alimwomba Balozi nafasi moja tu, mbele ya Bwana Maji. Mzee wa Mashine alimwombea pia. "Nikifa kweli leo," alisema, "mtajua kwa kuwa sitapiga kelele." Mkewe alikuwepo, goti limefungwa kitambaa.

Pampu ikanguruma. Tulisubiri. Wanawake kwenye pareto walikuwa wakichuma huku wameinamisha vichwa upande mmoja, kama kuku anayesikiliza mwewe.

Ngo.

Mara moja. Nyundo ikabaki imelalia chuma, haikurudi. Kule juu mwanamke mmoja alinyanyuka, akangoja pigo la pili. Halikuja. Tukasikia sauti yake ikishuka kwenye ukungu mwepesi: "Ni tangi tu!" Akainama tena.

Mzee wa Mashine alizima injini. Hakuna tone lililomwagika.

Bwana Maji aliuliza ni kazi ya nani. Mdogo wangu alisema, "Kengele ni yangu. Lakini mwanzi, hiyo akili ya kutuliza maji, ni ya dada. Aliichora tangu masika. Daftari hili hapa." Akampa. Alikuwa amelibeba ndani ya khanga bila kuniambia.

Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinishtaki. Nadhani hata yeye hakujua.

Bwana Maji aligeuza kurasa polepole, akakubali kwa kichwa. Aliyeona tarehe ni Balozi, aliyekuwa anachungulia begani kwake.

"Tangu masika?" alisema. "Kwa hiyo siku ya ule msiba ulikuwa unajua?"

Wote walinitazama. Ningeweza kusema nilisahau.

"Nilijua," nilisema.

Hakuna aliyenitukana. Mkewe Mzee alisema tu, taratibu, "Ungeniambia, mwanangu, nisingekimbia."

Bwana Maji alinirudishia daftari. "Michoro safi sana," alisema. "Ila nilisema nataka kinachofanya kazi." Jumatatu mdogo wangu alipanda Land Rover kwenda Iringa, na waya uliobaki begani.

Sasa kazi yangu tangini ni ya mara moja tu kwa wiki, kusugua shaba zisishike kutu. Nikishuka, wanawake wameshajua. Wamesikia ngo, wameshachukua ndoo. Hunisalimu, huniuliza hali ya mama na mkono wake, ila maji hawaniulizi. Nimewahi kumuonea wivu binadamu. Sikujua mtu anaweza kulionea wivu tangi. Bado nabeba ufito wangu na kupima baada ya kila ngo, nikitumaini limekosea japo kwa inchi. Halijakosea. Ni mkewe Mzee wa Mashine peke yake ambaye juzi, akiwa anachechemea na mzigo wa kuni, alisimama na kusema, "Msoma tangi, yamefika wapi?" Nilimjibu futi nane kamili. Akangoja. "Na nusu yako?" Nilimpokea mzigo wa kuni, tukashuka.

Jana imekuja barua ya mdogo wangu kutoka Iringa. Wanajenga tangi Kilolo, mkubwa wao amesema kila tangi liwe na mwanzi, na anaomba mchoro. "Nitumie, dada, hata kama haujakamilika," ameandika. Kwa dakika nzima nilitamani mwanzi wake upasuke. Kisha nilikaa na daftari mapajani. Ukurasa wa sitini na moja ni mzuri zaidi, umenyooka, hauna doa. Nimechana wa ishirini na tatu, wenye tarehe yake, nikautia kwenye bahasha.